Chungu Walioletwa kwenye Mweria

Kwa wiki nzima swali lilikuwa moja tu, nalo lilinitoa usingizini kama mtu anayenivuta kidole cha mguu: nimwambie Mama Kadzo kwamba zawadi aliyopewa na jirani zake ndiyo inayoiua mikorosho yake, au ninyamaze, nisubiri, nione kama Mungu atalifanya jambo? Nikimwambia, nitakuwa nimewatukana wanawake wa kijiji kizima waliojitolea bila kuombwa. Nisipomwambia, maua yataungua, na mumewe alikwisha kusema mbele ya watu kwamba msimu huu ukipita bila korosho, miti itakatwa ichomwe makaa. Mchoma makaa mwenyewe alikuwa ameshafika kuitazama. Aliyapigapiga mashina kwa kisogo cha shoka, kama mnunuzi wa ng'ombe anavyopapasa mbavu.

Nitafika huko. Kwanza nijieleze, wenzangu wa ofisini, maana najua mnacheka. Mmeniita mstaafu tangu siku ile ya chai ya kuniaga, mkanivisha leso mabegani na kunikabidhi mkongojo, na mimi sijatimiza hata miaka thelathini. Lakini mradi umekwisha na mkataba wangu nao umekwisha, na mtu anayeondoka kazini akiwa ameumwa na chungu hadi kwenye kope ana haki ya kuandika kumbukumbu zake. Mmoja wenu aliniambia nianze na vyeo. Cheo nilikuwa nacho kimoja nilipoingia na ni hicho hicho nilipotoka, kwa hiyo sura hiyo imekwisha.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisini Malindi mapema mno, nikakuta mlango umefungwa, nikazunguka jengo mara kadhaa ili nisionekane kama mtu aliyefika mapema mno. Aliyenifungulia alikuwa Bi Swabra, mkuu wetu wa kazi za mashambani. Bi Swabra ni mtu wa Malindi mjini, wazee wake asili yao ni Lamu. Buibui lake lilikuwa limepigwa pasi hadi linang'aa, na chini ya buibui alivaa buti za mpira.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Waitwaje?"

"Nadzua, natokea Rabai. Nimesomea viumbe na mazingira, na tasnifu yangu ilihusu..."

"Tasnifu tutaisoma masika, mvua ikitufungia ndani. Umekula?"

Nilifikiri. Nikisema sijala, nitaonekana nimekuja kazini kutafuta chakula. Nikisema nimekula, nitakuwa nimemdanganya mkuu wangu kabla hata sijavua begi. Nilipomaliza kufikiri, mahamri yalikuwa mbele yangu na chai imeanza kupoa.

"Mwanangu," akasema Bi Swabra, "wewe utafanya kazi vizuri na chungu. Wao hawafikiri kabisa. Mtasaidiana."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Wakulima wa Kakuyuni na Jilore wana mikorosho, mingi yake ilipandwa na wazee wao. Adui wa mikorosho ni mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu, tunamwita mbu wa mikorosho, ingawa damu ya mtu haimhusu. Anachotaka ni maji ya machipukizi na ya maua. Anapochoma mdomo wake panakuwa peusi, na baada ya siku chache kichala kizima cha maua kinakauka kana kwamba moto umepita. Adui wa mdudu huyu ni chungu wekundu wanaoitwa maji moto, wale wanaoshona majani wakatengeneza viota juu mtini, na ambao ukiwagusa utajua kwa nini wamepewa jina hilo. Wakulima wengi walikuwa wakiwaondoa, kwa sababu anayechuma korosho huku anaumwa hachumi nyingi. Sisi tulitumwa kuwaambia wawaache, tena wawapeleke kwenye miti ambayo haina.

Jaribuni kuliwaza hilo. Unakwenda nyumbani kwa mtu, unasalimu, unapewa kiti, unakunywa maji, kisha unamwomba afuge kitu kinachomuuma.

Bi Swabra alikuwa na namna yake ya kulieleza, nami sijapata nyingine iliyo bora. Alikuwa akichuchumaa mbele ya wakulima, anachora kwa kijiti mchangani. "Jua ndilo mpishi," alisema. "Hakuna mwingine anayepika humu ulimwenguni. Jani ndilo sufuria. Sisi wengine wote, tangu kidukari hadi mwewe, ni wageni tunaopitishiana sahani. Na kila anayepitisha sahani anakula kwanza. Anakula sana! Anayempa mwenzake anampa kilichobaki. Ndiyo maana majani ni mengi, wadudu wanaokula majani ni wachache zaidi, wanaokula wadudu ni wachache zaidi ya hao, na mwewe mnamwona mmoja tu, tena na njaa yake."

"Na sisi, Bi?" aliuliza mama mmoja siku moja. "Sisi tumekaa wapi kwenye hiyo karamu?"

"Nyinyi mmekaa karibu na sufuria, mnakula korosho. Mbu wa mikorosho naye amekaa karibu na sufuria. Mmegombea kiti kimoja. Maji moto ndiye anayemnyanyua."

Watu walicheka. Lakini kulikuwa na jambo la pili, ambalo wengi wetu tulioajiriwa pamoja tulilikosa mtihanini na tukalielewa pale. Maji moto hawaishi kwa nyama peke yake. Juu ya mti wanafuga wadudu wadogo wenye magamba, wanaonyonya utomvu na kutoa maji matamu, na chungu wanayalamba maji hayo na kuwalinda wadudu hao kama mtu anavyolinda mbuzi wake. Kwa hiyo mkorosho unawalipa walinzi wake sukari. Unatoa utomvu kidogo kwa mfugo wa chungu ili uyaokoe maua mengi. Nilipolitambua hilo nilishinda siku nzima nikijiuliza kama mti unapata hasara au faida, na kama kuna mahali hesabu hiyo hugeuka. Hugeuka. Wadudu wa magamba wakizidi, majani huwa meusi kwa ukungu. Lakini hapo nimeshaanza tena, na Bi Swabra hayupo wa kuniwekea mahamri.

Zana zetu zilikuwa chache, na ninawaachia wosia kuhusu kila moja. Mkasi wa kukatia matawi: nunueni wenu wenyewe, wa ofisi hukata kama mtu anayetafuna. Upembo, ile fimbo ndefu yenye kulabu: ushikeni kwa mikono miwili, na msisimame chini ya kiota, hata kama mkulima anawaambia hakina kitu. Kioo cha kukuzia: kifungeni shingoni, kwani kikianguka kwenye nyasi hakionekani tena, jambo ambalo kwa kioo cha kukuzia ni aibu. Jivu la jikoni: mjipake mikononi kabla ya kushika kiota, chungu hawalipendi. Gunia: likaguliwe matundu. Narudia, likaguliwe matundu. Kuna bwana mmoja mwenye bodaboda ambaye hadi leo akiniona barabarani anaongeza mwendo.

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa Jilore, kwa mtu mmoja aitwaye Ngowa. Ngowa aliwachukia maji moto kuliko shetani. Mwaka huo alikuwa amepata bomba la kupulizia dawa, akapuliza kila kitu: mikorosho, ndimu, ua, hata mlango wa choo. Nilipofika, shamba lilikuwa kimya. Hakukuwa na mbu wa mikorosho hata mmoja. Maua yalikuwa yamechanua, meupe na mekundu, mazuri, hayana doa.

"Umeona?" akaniambia. "Safi! Nyinyi na chungu wenu."

Ilikuwa safi kweli. Nikasimama pale nikitafuta kilichokuwa kikinisumbua, na kwa kawaida kinachonisumbua ni kitu nilichokibuni mwenyewe, hivyo sikusema. Kisha nikagundua kuwa sisikii nyuki. Nilimuuliza lini mara ya mwisho alimwona nyuki mtini. Akafikiri, akavua kofia, akaitazama ndani.

"Kwani nyuki naye amekufa?"

"Bila nyuki na nzi, baba, haya maua ni mapambo tu."

Msimu ule Ngowa alipata korosho za kutia kwenye kofia. Hakukasirika. Aliwaambia watu wote wa Jilore kwamba ameshinda vita, ila amebaki peke yake uwanjani na hana wa kumpikia. Msimu uliofuata alikuja mwenyewe kuomba kiota. Tulimpa viwili vya mti mmoja, akavipokea kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayepokea mtoto aliyejinyea.

Kutoka kesi ile nilijifunza kwamba sahani ikipitishwa, huwezi kumnyanyua mgeni mmoja kwa kuipindua meza. Nililiandika wazo hilo vizuri kwa ajili ya taarifa. Taarifa ilirudi na swali moja: kofia hiyo ina ukubwa gani?

Baada ya hapo Bi Swabra aliondoka. Mama yake alikuwa mgonjwa Lamu naye alikwenda kumuuguza, akaniachia Kakuyuni yote. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo, akaniambia nipunguze kufikiri asubuhi, nifikiri jioni kazi ikiwa imeshafanyika. Basi nikabaki mimi na Mama Kadzo.

Mama Kadzo alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Miti yake ilipandwa na mamamkwe wake, marehemu, na aliipenda kuliko alivyompenda mwenye kuipanda, kama alivyosema mwenyewe. Misimu miwili mfululizo mbu wa mikorosho walikuwa wameyamaliza maua. Mumewe, Baba Kadzo, ni mtu mpole, ila upole wake ulikuwa umefika mwisho. Alitaka shamba la mahindi. Mama Kadzo akamwomba msimu mmoja, naye akaukubali, lakini akamwita mchoma makaa aje atazame miti, ili kila mtu ajue kuwa anasema kweli.

Nilipanga kumletea viota mwenyewe. Kabla sijafanya hivyo nyanya yangu akafariki, nikaenda Rabai matangani. Nilipokuwa huko, wanawake wa Kakuyuni walifanya jambo ambalo lisingeweza kufanywa na watu wengine wowote. Walimwitia Mama Kadzo mweria.

Wasiojua mweria, ni ile kazi ya pamoja ya kwetu Mijikenda. Mtu akielemewa na shamba, wenzake wanakuja kulima siku moja, wanaimba, wanakula, na kesho ni zamu ya mwingine. Na mtu haendi mweriani mikono mitupu. Basi wanawake wale walijua Mama Kadzo anahitaji chungu. Kila mmoja akakata kiota nyumbani kwake, kwenye mwembe wake, mchungwa wake, mnazi wake, akakitia kwenye mfuko, akaja nacho kichwani.

Nilifika wakati wamekaribia kumaliza. Nyimbo nilizisikia tangu njiani.

"Daktari wa chungu!" aliniita Mama Nyevu, mwanamke mnene mwenye mzaha usiokauka. "Umechelewa, harusi imekwisha! Pole na msiba, mwanangu. Njoo uone, huyu bibi leo ni tajiri."

"Hawa wote wametoka wapi, shangazi?"

"Kwetu! Kila mtu na wake. Wangu ndio wale pale. Wakali hao! Walimfukuza mgema juu ya mnazi, akashuka bila kibuyu na nusura bila suruali."

"Wako wanawashinda wangu?" alidakia mwingine. "Wangu wanauma hata kivuli."

Mama Kadzo alikuwa amesimama katikati, machozi yakimlengalenga, kila mti wake una mifuko miwili mitatu imening'inia. Nami nilisimama pembeni, nikatabasamu, huku nikihesabu mifuko ile imetoka nyumba ngapi.

Kwa sababu maji moto si kabila moja. Kila ukoo wa chungu una harufu yake na malkia wake mmoja, na ukoo huo unaweza kukaa miti mingi. Chungu akikutana na mwenye harufu nyingine, hakuna salamu. Ukitaka kuwahamisha, unachukua viota vya ukoo mmoja tu. Tena viota vingi alivyokata mtu hovyo havina malkia, ni vibarua watupu, wasiozaa wengine wakifa. Jirani zake Mama Kadzo walikuwa wamemletea, kwa upendo, majeshi zaidi ya kumi yasiyo na wafalme, wakayatia kwenye shamba moja.

Siku iliyofuata nilimkuta chini ya mti anaangalia juu kwa furaha.

"Tazama, mwanangu, wanavyokumbatiana!"

Walikuwa wameshikana kweli, wawili wawili, watatu watatu, kila mmoja ameng'ata mguu wa mwenzake anavuta. Chini mchangani chungu waliokufa walitapakaa kama majani ya chai yaliyomwagwa. Na juu ya kichala cha maua, hatua moja kutoka vitani, mbu wa mikorosho alikuwa amekaa ananyonya taratibu, kama mgeni anayejilia pilau ukumbini huku wenye harusi wanapigana jikoni.

"Wanasalimiana sana," nikasema. Hilo ndilo jibu lililotoka kinywani mwa mtu mwenye shahada.

Ndipo wiki yangu ya kukosa usingizi ilipoanza. Shida haikuwa moja. Kwanza, kitu kilicholetwa mweriani hakirudishwi, kurudisha ni kumwambia mtu kuwa mkono wake ni mchafu. Pili, hata nikiwaondoa chungu wote wale, nitatoa wapi ukoo mzima wenye malkia, wenye nguvu, kabla maua hayajaisha?

Jibu la shida ya pili nililijua, na ndilo lililonitisha zaidi. Lilikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa. Shamba lile lilikuwa la Sidi, wifi yake Mama Kadzo, dada wa mumewe, aliyerudi kuishi kwenye kipande alichogawiwa na mama yao. Mikorosho ilikuwa ya mkono mmoja na ile ya Mama Kadzo, imepandwa na mama yule yule, ila ya Sidi ilikuwa imejaa viota vya ukoo mmoja na maua yake yote mazima. Tena mkorosho wake mmoja ulikaribia kabisa kugusana na wa wifi yake. Sidi hakuwa na siri yoyote. Alikuwa hajali kuumwa, basi.

Sidi hakualikwa mweriani. Yeye na Mama Kadzo walikuwa hawasemezani tangu matanga ya mama yao, kwa sababu ya kinu. Mama alikuwa na kinu kimoja kizuri, na kila mmoja alishikilia kuwa ndiye aliyeahidiwa. Kinu kilibaki kwa Mama Kadzo, na maneno yakabaki ya kutosha pande zote mbili.

Nilimpigia simu Bi Swabra, nikamweleza yote kwa urefu. Alinisikiliza. Nyuma yake niliwasikia watoto wakisoma Kurani chuoni.

"Ushamaliza?" akasema. "Haya. Unaniuliza jambo la chungu, au la watu?"

"La watu, Bi."

"La chungu ningekujibu. La watu, mimi niko Lamu."

"Bi, nikikosea je?"

"Utakosea ukiwa umesema au ukiwa umenyamaza. Chagua kosa lako, mwanangu. Nisalimie Mama Kadzo."

Nikajaribu njia ya kati, njia ninayoipenda kwa sababu haifiki popote. Nilikwenda kwa Sidi, nikampa shikamoo, nikazungukazunguka, hatimaye nikasema kuna mtu anahitaji chungu.

"Mtu huyo hana miguu?" Sidi akauliza. Ni mwanamke mfupi, hakai chini wakati anazungumza. "Mwambie chungu si wangu, ni wa Mungu. Lakini minyaa ni yangu. Akitaka, aje aombe kwa mdomo wake."

Nikarudi kwa Mama Kadzo.

"Nimwombe? Mimi? Nimwombe chungu?" Sauti ilifika ng'ambo ya bonde, na kwa hakika ng'ambo ya ua. "Mwambie mimi chungu ninao, nimeletewa na watu wanaonipenda!"

Nilijiona nikirudi tena kwa Sidi. Nilijiona nikija na kwenda kati ya nyumba mbili hadi maua yaishe, nikilainisha kila neno njiani, nikiwa nimebeba maneno mengi na sijafikisha hata moja. Siku hiyo, nikikaribia minyaa, niliangalia maua ya mti wa mwisho, nikaona nusu ya vichala imekuwa nyeusi. Hapo ndipo nilipokata shauri. Nitasema ukweli wote mara moja, mbele ya wote, bila kuupaka asali. Na nikishausema, sitabeba tena salamu ya mtu.

Asubuhi mapema, kabla jua halijawachangamsha chungu, niliwaita wanawake wa mweria shambani. Walikuja wote. Nilikuwa nimejiandalia hotuba yenye utangulizi. Nilipofungua mdomo, utangulizi ulikuwa umepotea.

"Mama zangu, mlichokileta mlikileta kwa moyo mwema. Lakini chungu mliowaleta ni wa koo mbalimbali, wanauana. Wakiwa wanauana, hakuna anayelinda maua. Wakiendelea hivi, mikorosho hii ni makaa."

Mama Kadzo alinitazama kana kwamba nimemvua nguo.

Mama Nyevu ndiye aliyeanza. "Wangu nao wanakufa?"

"Wanakufa, shangazi. Wengi."

"Na wao wameua wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Ungehesabu! Tungejua mshindi ni nani." Mtu akacheka, kisha wawili. Mama Nyevu akafunga leso yake kiunoni. "Sasa basi. Zawadi hatuichukui, hiyo ni mila. Lakini hawa si zawadi tena. Hawa ni majeruhi. Nani ataacha majeruhi wake porini? Leteni jivu!"

Wakajipaka jivu hadi kwenye viwiko, wakaingia mitini. Tulishusha kila kiota na kila mfuko. Kulikuwa na makelele, matusi ya kirafiki, na mayowe ya walioumwa. Kila mtu aliondoka na mzigo wake kichwani kama alivyokuja. Mama Kadzo alifanya kazi pamoja nao bila kunisemesha, na nilijua sababu. Miti yake sasa ilikuwa mitupu kabisa.

Ile mikorosho bado imesimama, mtaiona mkipita. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki msome kilichobaki mkiwa na wasiwasi. Wasiwasi niachieni mimi. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua.

Nilichukua kamba ya makumbi, nikapanda mkorosho wa Mama Kadzo ulio mpakani, nikaifunga ncha moja tawini. Chungu wakipata kamba hutembea juu yake kama watu darajani, na ukoo ulioshiba ukiona mti mtupu jirani hauhitaji kuombwa. Sidi alikuwa ametoka uani kwake kutazama kelele. Niliizungusha ncha ya pili, nikaitupa juu ya minyaa. Ikaanguka miguuni pake.

Akaiangalia. Hakuigusa.

"Nadzua," akasema kwa sauti, "mwambie mwenye kamba kamba yake imeanguka kwangu."

"Nadzua," akasema Mama Kadzo chini yangu, "mwambie naona."

Wote wawili wakaniangalia, mmoja kutoka kila upande wa ua. Kichwani nilikuwa na maneno mazuri manne ya kumwambia Sidi na matano ya kumwambia Mama Kadzo, na kila moja lingefaa kidogo. Nilifunga mdomo.

Niliwaza kwamba wote wawili wataingia nyumbani. Niliwaza mchoma makaa. Niliwaza taarifa nitakayoiandika, na swali moja litakalorudi nayo.

"Wifi," akasema Sidi hatimaye, bila kuangalia juu. "Niifunge tawi lipi?"

Mama Kadzo alikohoa. "La juu. La chini mbuzi wataila kamba."

"Mbuzi wako."

"Mbuzi wangu, ndiyo. Funga basi, wifi, maua hayatungoji."

"Umeanza kunituma?"

"Nimeanza kukuomba! Husikii?"

Sidi akaiokota kamba, akavuta, ikakazika. Akaanza kupanda, na huku anapanda anauliza hili na kujibiwa lile, kwa sauti ya ugomvi, juu ya ua, wakiitana wifi kila neno la tatu. Mimi nilikuwa bado juu ya mti, jivu mikononi, na chungu mmoja wa Mama Nyevu aliyesahauliwa na wenzake alikuwa ananiuma shingoni taratibu. Sikumtoa, na sikusema neno.